Foronya Kumi na Moja

Bwana Sofa alipoonekana kwenye kiti cha kinyozi, shingo kailaza nyuma na povu kidevuni, mtaa ulipata habari kabla wembe haujafika shavu la pili. Msusi, ambaye saluni yake inapakana ukuta kwa ukuta na ya kinyozi, alimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa nusu timutimu, akavuka barabara na kitana mkononi, akaingia kwa fundi Mkasi bila hodi.

"Shoga, kaa kwanza."

"Nimekaa. Hunioni niko kwenye cherehani?"

"Basi ishikilie hiyo cherehani. Katoka."

Mkasi hakuuliza nani. Aliondoa mguu kwenye pedali, sindano ikasimama katikati ya pindo la sare ya shule, na kwa mara ya kwanza tangu Msusi amjue, akakosa neno. Na hilo si jambo dogo, maana jina la Mkasi hakupewa kwa kukata vitambaa. Alipewa kwa ulimi.

"Katoka lini?" alisema hatimaye.

"Lini sijui, ila kanenepa. Wenzake wanakonda huko, yeye katoka na mashavu. Anacheka na kinyozi utadhani alikwenda kung'oa jino."

"Alipewa miaka minne. Haijatimia hata mitatu."

"Tabia njema," Msusi akabinua mdomo. "Ndivyo anavyojisemea. Tabia njema, yule!"

Mkasi alimtazama Msusi vile anavyotazama kitambaa cha mteja anayeapa kwamba hakirudi kikifuliwa. "Na wewe umemwona tu, au mmesalimiana?"

"Kanisalimia. Nifanyeje, nitoboe macho?"

"Kakusalimia kwa jina?"

"Shoga," Msusi akaweka kitana juu ya meza, "mimi nimekuletea habari, wewe unaniletea upelelezi. Kuna kichwa kinanisubiri." Akatoka. Alirudi mara moja tu, kuchukua kitana.

Hivyo ndivyo Mkasi alivyokuwa siku hizi. Zamani duka lake lilikuwa na benchi mbili, na zote zilijaa watu wasio na nguo ya kushonewa. Walikuja kwa chai na maneno. Sasa benchi moja kaiingiza ndani, na ile iliyobaki kaisogeza mahali ambapo anayekaa anatazamana naye uso kwa uso.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Bwana Sofa aliuza makochi katika duka la vioo, na foronya za mito ya makochi hayo zilishonwa na mdogo wake Mkasi. Huyo mtaa ulimwita Sindano, kwa wembamba na kwa jinsi anavyopita kimya. Alishonea chumba cha nyuma cha nyumba yao, mlango wa bluu, akalipwa kwa foronya kama fundi yeyote. Kisha mzigo mmoja wa makochi ukazuiwa njiani, mito ikapasuliwa, na ndani yake ukakutwa unga, si ule wa kupikia. Haikupita wiki askari wakaja. Hawakubisha dukani, hawakuuliza njia. Walipita uchochoroni moja kwa moja hadi mlango wa bluu, wakamkuta Sindano na futi shingoni, wakaondoka naye na cherehani yake.

Mahakamani waliita njama. Na njama, kwa sheria ile, ina mzani mmoja tu. Kilo zote za mzigo anahesabiwa kila mtu aliyeugusa, aliyenunua, aliyeendesha lori na aliyetia zipu. Halafu pembeni wakafungua dirisha dogo la huruma: atakayetaja wenzake atapunguziwa. Bwana Sofa alikuwa na majina tele. Biashara ilikuwa yake, atakosaje? Akataja saba, akatoka na miaka minne. Dereva wa lori alimjua Bwana Sofa peke yake, na huyo alishatajwa; akapata ishirini. Sindano aliulizwa ana jina gani la kutoa. Akasema hana. Akapewa ishirini na tano.

"Yaani anayejua mengi anatoka mapema," Mama yao alisema siku ya hukumu, "asiyejua kitu anazeekea humo. Hiyo sheria imeshonwa ndani nje." Alikuwa kipofu karibu kabisa, ila maneno yake yaliona.

Tangu siku ile Mkasi alibaki na swali moja, na swali hilo lilimla kama nondo anavyokula sufu. Nani aliwaambia askari habari ya mlango wa bluu? Bwana Sofa hakuwahi kufika nyuma. Foronya Sindano alizipeleka mwenyewe dukani kwake. Basi aliyesema ni mtu wa ndani, au mtu wa karibu, mtu aliyekunywa chai yao.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Wifi, mke wa kaka yao aliyefanya kazi mbali, mwanamke ambaye simu yake haikutua chini hata akiwa anakosha vyombo. Wa pili Msusi. Wa tatu, na hili hakulisema hata kwa Mungu, alikuwa Sindano mwenyewe. Maana kabla ya kesi kuanza, Sindano alituma neno kupitia kwa Wifi: "Mwambie dada asije mahakamani hata siku moja. Abaki na Mama." Mkasi akabaki. Ila kwa nini? Mtu aliyeonewa si hutaka ndugu zake wajae? Ni kitu gani kilisemwa mle ambacho dada mtu hakutakiwa kukisikia? Wifi ndiye aliyekwenda, na Wifi ukimtuma akaangalie mvua atarudi na habari ya miavuli. "Jaji ana miwani mizuri," alisema. "Wakaonyesha kitambaa kwenye mfuko wa nailoni. Wakabishana uzi, mara mshono. Mimi nitajuaje uzi?"

Rufaa ilikuwa imebakiza wiki tatu, na baada ya hiyo hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Habari za Bwana Sofa zikamwagia Mkasi mafuta ya taa. Akaamua kutega.

Asubuhi alimwambia Wifi kwa sauti ya siri kwamba rufaa imesogezwa hadi Jumatatu. Mchana akamwambia Msusi, kama aliyeteleza ulimi, kwamba ni Jumatano. Muuza vifungo, aliyepita na sanduku lake, akaambiwa Ijumaa. Uongo utakaorudi kutoka mdomo wa mtu mwingine, ndio utakaomwonyesha mwenye kuvuja. Alijiona mjanja, akashona huku anaimba.

Kabla hajafunga duka, mwalimu wa shule alikuja kuchukua suruali, akampa pole. "Nasikia rufaa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku tatu kwa wiki moja! Kesi yenu ni nzito sana."

Mkasi alihesabu waliovuja, akakuta ni mtaa mzima, na yeye ndiye bomba.

Wifi alipojua alitegwa, alisusa chakula cha jioni. "Miaka hii yote nakuogeshea mama yako mzazi," alisema akiwa mlangoni, "leo unanipima kama kitambaa."

"Asiye na kosa hakasiriki."

"Na mwenye kosa je? Huona wezi kila mahali."

Neno lile lilimchoma, na alijua kwa nini. Kulikuwa na jambo ambalo Mkasi mwenyewe hakumwambia mtu. Kwenye ile oda ya mwisho ya foronya arobaini, Sindano alishona ishirini na tisa, homa ikamwangusha. Bwana Sofa akapiga simu: kumi na moja zilizobaki zitiwe bitana mbili, na katikati ya bitana paachwe upenyo wa kiganja. Mkasi akaingia chumba cha nyuma, akakaa kwenye cherehani ya mdogo wake, akamalizia kwa siku mbili huku mgonjwa amelala pembeni na kitambaa cha maji usoni. Alijiuliza habari ya ule upenyo? Alijiuliza, akajijibu: ni ubahili wa pamba, wanataka kujazia matambara. Askari walipokuja, alinyamaza. Alijiambia ni kumsaidia mtu kukoroga chungu tu, kukoroga si kupika. Lakini tangu hapo kila aliyemtazama mara mbili alimwona kama anayejua.

Siku ya tatu aliitwa ofisini kwa wakili mpya wa rufaa ya Sindano. Wakili alikuwa binti mdogo, visigino vya viatu vimeliwa upande, na Mkasi alimshuku kwa visigino hivyo. Wakili mzuri hatembei kwa miguu. Ofisi ilikuwa chumba juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi iliingia hadi kwenye makaratasi.

"Dada, karibu. Nimepata jalada zima sasa. Wakili wa kwanza alikuwa na kurasa nusu tu."

"Nusu nyingine alizila?"

Wakili akacheka kidogo, akafungua jalada. "Nataka nikusomee kipande, uniambie kama unamjua huyu mtu. Ni maelezo ya mpelelezi. 'Nikiwa nimevaa kiraia, nilimwonyesha kona ya foronya iliyokamatwa fundi cherehani mzoefu, mwanamke, mwenye duka linalotazama barabara. Bila kuulizwa mara mbili, alimtambua mshonaji kuwa ni mdogo wake, anayeshonea chumba cha nyuma, mlango wa bluu.'"

"Nani kaandika hayo?" Mkasi alisema haraka. "Hayo yameongezwa. Polisi hawa..."

Sentensi haikufika mwisho. Maana alimwona. Alimwona mtu wa suti ya kijivu, mpole, na kifungo cha pili kinaning'inia kwa uzi mmoja. Alimkazia kifungo kile bure, kwa sababu fundi hawezi kuvumilia kuona kifungo kinakufa. Na wakati anakaza, yule bwana akatoa mfukoni kona ya kitambaa, ameikunja, kubwa kama kiganja. Alisema amepewa mto wa zawadi, na anataka fundi huyo huyo amshonee kumi na mbili. Wateja wa kuuliza na kutorudi walikuwa wengi kama nzi, ndio maana alimsahau. Lakini sasa alikumbuka hata jinsi alivyoigeuza ile kona na kuitazama kwa kucha.

Mama yao aliwafundisha wote wawili jambo moja ambalo mafundi wengine hawalifanyi. Ukifika mwisho wa mshono, hukati uzi. Unarudi nyuma hatua tatu, unapiga fundo, halafu mkia wa uzi unauingiza ndani ya upindo usionekane milele. "Kuficha mkia," ndivyo Mama alivyoita. Na ile kona mkia ulikuwa umefichwa vizuri mno.

"Huyu ni mdogo wangu," alimwambia mwenye suti, kifua mbele. "Mji mzima hupati mwingine. Angalia alivyoficha mkia! Mimi mwenyewe simfikii."

"Una uhakika?"

"Ningeapa. Pita uchochoroni hapo, mlango wa bluu. Leo kaenda kununua zipu, njoo kesho."

Ofisini kwa wakili, feni ilikuwa inazunguka na kugonga, inazunguka na kugonga.

"Unamjua?" Wakili aliuliza tena.

"Endelea kusoma," Mkasi alisema.

"Kuna kingine, na hiki ndicho kilichoninyima raha. Kesi yote imening'inia kwenye ile kona. Mdogo wako alikiri kushona foronya za duka, lakini alisema hizi kumi na moja za bitana mbili, zilizokutwa na unga, si kazi ya mkono wake. Jaji akamuuliza, 'Kama si wewe, ni nani?' Hapa pameandikwa: mshtakiwa alinyamaza. Akaulizwa mara tatu. Akanyamaza mara tatu. Jaji akasema kimya hicho ni ujanja wa mhalifu." Wakili akageuza ukurasa. "Sasa tazama. Mtaalamu wao mwenyewe ameandika kwamba uzi wa kile kielelezo ni bluu iliyopauka. Uzi wote uliokutwa chumbani kwa mdogo wako ni wa kijivu. Hakuna aliyeuliza. Dada, unajua nani alishona?"

Mkasi alitazama visigino vile, akatazama mlango, akatazama kalamu iliyokuwa mkononi mwa binti. Akajiuliza: huyu anafanya kazi kwa nani? Mtego hauna harufu, yeye mwenyewe ameutega juzi.

"Nikijua?"

"Ukijua, ukaapa, na ukawa na kitu cha kuonyesha, rufaa ina miguu. Lakini sikufichi. Atakayetajwa wanaweza kumfuata. Mzigo ni ule ule, na mzani ni ule ule."

"Wewe ungekuwa mimi?"

"Mimi si wewe, dada. Ndiyo maana nakuuliza, sikushauri."

Mkasi aliondoka. Alirudi dukani, akafunga mlango mchana kweupe, akavuta droo ya chini kabisa. Chini ya zipu zilizovunjika na chaki, kibonge cha uzi kilikuwa pale pale. Bluu iliyopauka, kama shati la jela lililofuliwa mara mia. Alikinunua kwa makosa akidhani ni kijivu, kwenye duka lenye taa mbaya, na siku uzi wa Sindano ulipoisha kabla ya zile foronya za mwisho, alichukua hiki. Nani atatazama uzi wa ndani?

Basi ile kona aliyoisifia ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Alishona akiiga mkono wa mdogo wake, kwenye cherehani ya mdogo wake, ili Bwana Sofa asione tofauti. Akaiga vizuri hadi akajidanganya mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa siku ya wageni gerezani. Alipekuliwa, akavuliwa viatu, akaketi kwenye ubao uliolainishwa na makalio ya watu wengi wenye subira. Katikati kulikuwa na wavu. Sindano alitokea upande wa pili akiwa na sare ambayo mabega yake yalishuka hadi kwenye viwiko. Kabla hajasalimia, Mkasi alishaanza kutazama mishono ya sare.

"Nani kashona takataka hiyo?"

"Mashine za humu," Sindano alicheka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama?"

"Mama mzima. Anamtukana Wifi, kwa hiyo mzima." Halafu, bila kupumua, "Nimesoma jalada."

Cheko la Sindano likaondoka kama mtu aliyeitwa ndani.

"Ulijua," Mkasi alisema. "Ulipoonyeshwa kile kitambaa mahakamani ulijua."

"Nilijua kabla hawajakitoa kwenye nailoni. Wewe unakaza uzi, dada. Ukikaza, kona inainua pua. Mama ametusema hivyo tangu wadogo."

"Ndiyo maana ulinikataza kuja."

"Ungekuja ungeona. Ungeona, ungesema. Wewe ulimi huo ungeuweka wapi?" Sindano alisogea karibu na wavu. "Walinipa karatasi, dada. Taja, tukupunguzie. Kila siku kwa wiki mbili. Mwenzangu Bwana Sofa alikuwa na majina mfuko mzima. Mimi jina nililokuwa nalo ni moja tu."

Mkasi alisogeza mdomo kwenye wavu. "Sikiliza. Kuna mtu aliyewaonyesha mlango wa bluu. Miaka miwili nimemtafuta. Nimemshuku Wifi, nimemshuku Msusi, nimekushuku hata wewe."

"Mimi? Nijionyeshe mwenyewe?"

"Ni mimi. Alikuja mtu na suti na ile kona. Nikamwambia huyu ni mdogo wangu, mji mzima hapati mwingine. Nikamwambia mimi simfikii."

Askari jela alipita, viatu vyake vikapiga sakafu hadi mwisho wa chumba na kurudi. Sindano alikuwa amemkodolea macho dada yake.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kwamba hunifikii?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo," Sindano alisema polepole, "kila nguo niliyokuonyesha, pindo limepinda, kola imelala. Sijawahi kusikia hata 'siyo mbaya'. Ukaenda kunisifu kwa polisi." Alianza kucheka, na lile cheko likageuka kitu kingine katikati ya njia. "Tena kwa kazi yako mwenyewe!"

"Nitakwenda kuapa."

"Hapana." Alifuta uso kwa mkono wa sare. "Dada, hawa hawagawi. Usidhani utafika, waikate ishirini na tano katikati kama kitambaa, kila mtu achukue kipande. Watakupa zako nzima, na zangu waniachie. Na Mama atabaki na nani?"

"Na kama watakutoa?"

"Kama."

"Wewe ulinyamaza kwa 'kama' ya nani?"

Kengele ikalia, na wale wa upande wa pili wakasimama kwa pamoja kama wanafunzi.

Mkasi alifika nyumbani akiwa amekwishaamua, ila hakuwa na cha kuonyesha zaidi ya kibonge cha uzi, na kibonge mtu yeyote anaweza kununua. Alimkuta Mama barazani, ameegemea mto wake mgongoni, anasikiliza redio na kubishana nayo. Mkasi alimsalimia, akapita, akarudi nyuma hatua tatu.

Huo mto.

Ile siku ya kwanza, kabla hajaanza zile kumi na moja, alishona moja ya kujaribia kwa uzi huo huo wa bluu, aone bitana mbili zinakaaje. Ikatoka imependeza, akaitia pamba, akampa Mama. Askari walipekua nyumba nzima, wakapindua hadi magodoro, lakini nani atamwinua bibi kipofu anayewatukana?

"Mama, naomba mto."

"Nina mgongo mmoja na mto mmoja. Unataka kipi?"

"Mto."

Mama alijivuta mbele, akauchomoa, lakini hakuutoa. Vidole vyake vikatembea kwenye kona, vikasimama. "Huu ni wako," alisema. "Kona imeinua pua. Siku zote nilijua huu ni wako." Akaingiza kiganja kwenye upenyo wa bitana, akakitoa. Redio ikamaliza habari na kuanza matangazo. "Walisema mito ilikuwa na mfuko ndani."

"Ndiyo, Mama."

"Basi chukua. Mimi nitaegemea ukuta."

Jumatatu asubuhi Mkasi alivuka barabara na ufunguo wa duka. Msusi alikuwa anafungua mikebe yake ya mafuta, akamwona, akaendelea kufungua.

"Nina safari," Mkasi alisema. "Huenda nikarudi mchana, huenda nikachelewa sana. Wifi atakuwa na Mama. Duka nakuachia wewe."

"Mimi? Mimi si ndiye jasusi?"

"Ndiyo maana. Utaona kila kitu."

Msusi aliutazama ufunguo, akautazama mfuko ambao mto ulitokeza pembe. Alikuwa mwanamke wa kuuliza, na maswali yalimjaa hadi shingoni, lakini kwa mara ya kwanza hakuuliza. Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. "Nenda, shoga."

Mkasi alikuwa amehesabu mikasi kabla ya kufunga. Minne. Moyo una mazoea yake.

Ofisini, karani wa viapo alikuwa mzee mwenye wino kwenye kola, aliyeandika kwa mkono kwanza ndipo achape. Wakili alisimama dirishani. Mto ulikuwa juu ya meza, kibonge cha bluu iliyopauka kando yake, na Mkasi alisimulia yote tangu homa hadi kifungo cha suti. Karani aliandika bila kuinua uso.

"Foronya kumi za bitana mbili," alirudia.

"Kumi na moja! Nani kakwambia kumi?" Mkasi akainama juu ya meza. "Unamwandikia nani wewe? Futa hapo. Kumi na moja."

Karani akafuta. "Ulizishona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Una uhakika?"

Mkasi alisita, maana swali hilo alishawahi kulijibu. "Safari hii ninao," alisema.

Wakili aligeuka kutoka dirishani. "Dada, bado unaweza kuichana. Ikishatiwa saini siwezi kuizuia."

"Nipe nisome."

Aliisoma mara tatu, kidole chini ya kila neno, akitafuta upenyo kati ya bitana. Hakuuona. Hilo pia lilimtia shaka. Akashika kalamu, akaiweka tena chini.

"Kuna kitu kimekosekana. Ongeza hapa mwisho: mdogo wangu anashona vizuri kuliko mimi."

Karani akavua miwani. "Mama, hilo halihusiani na kesi."

"Andika."

"Mahakama haitalitumia kwa lolote."

"Sijaiandikia mahakama. Nakala si atapelekewa na yeye?" Mkasi akauvuta mto, akaukumbatia mapajani, na akakaa kama mtu aliyekuja na chakula chake cha mchana. "Andika, nitie saini."

Mzee akamtazama wakili. Wakili akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ikaanza kukwaruza, na Mkasi akainama kuhakikisha ameandika "vizuri kuliko", si "vizuri kama".